Hatua Sitini Kwenye Chimbo la Bamburi

Nilitoka Likoni Jumapili moja ya mwezi wa nane kwa sababu jirani yangu Mutua alihitaji mtu wa kuhesabu, na mtaani kwetu ukitaka kitu kihesabiwe unatumwa kwangu. Mimi nauza vyombo vya mitumba. Nimeshauziwa seti ya sahani sita, nikazihesabu mbele ya mwenyewe, nikazihesabu tena, zikawa tano, na mwenyewe akastaajabu kuliko mimi. Lakini safari hii hapakuwa na sahani. Palikuwa na upinde.

Mutua alikuja Mombasa kutoka Ukambani akiwa kijana, akabeba magunia bandarini mpaka bega la kulia likaanza kulia kila akiinua kikombe. Sasa amestaafu. Mwaka jana baba yake alifariki huko bara, akaacha shamba, ng'ombe na upinde. Shamba na ng'ombe viligawanywa kwa siku moja bila mtu kupandisha sauti. Upinde ndio uliobaki. Mzee alikuwa amesema utakuwa wa mwanawe atakayefikisha mshale kwenye shabaha kutoka hatua sitini, kwa sababu sitini ndiyo iliyokuwa yake enzi zake. Wana ni wawili: Mutua, na mdogo wake Kioko anayefanya kazi kiwanda cha saruji huko Bamburi.

"Na hatua hapimi mtu wa kwetu," Mutua aliniambia tukiwa kibarazani kwangu. "Anapima mtu wa nje, asiye ndugu wa yeyote, kwa miguu yake mwenyewe. Anachosema, kimesemwa."

"Na huo upinde unautakia nini, jirani? Huna hata panya wa kumpiga."

"Baba alikaa miaka kumi na moja bila kusema nami. Akafa hivyo hivyo. Nikiupata, nitajua tumesemezana."

Nilikuwa nimemwona akijifunza nyuma ya nyumba. Kutoka hatua hamsini anapiga vizuri. Kutoka sitini bega linakataa, na mshale unalala chini kabla ya kufika. Nikajitazama miguu. Maisha yangu yote nimepunguza bei za watu. Hatua ni kitu gani?

"Mimi ni mfupi, unajua," nikamwambia. "Hatua zangu si ndefu."

"Najua," akasema, akaondoka.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa kivukoni. Mutua alikuwa ameufungua ugwe wa upinde na kuuviringisha ule mti ndani ya kanga ya mkewe, mishale saba ikiwa ndani ya podo la ngozi mgongoni. Nilihesabu saba nyumbani na saba kivukoni. Mlinzi wa pale getini, kijana mpole, akaigusa kanga.

"Hii ni nini, wazee?"

"Upinde," akasema Mutua.

"Mnaenda kuwinda? Uwindaji umekatazwa."

"Tunaenda kupiga gunia."

"Gunia la nini?"

"La makumbi ya nazi."

Kijana akamtazama Mutua, akanitazama mimi, akatazama podo. Alichomoa mshale mmoja, akakuta kichwa chake ni butu kama kidole gumba, akaurudisha mahali pake kwa adabu. "Gunia limewakosea nini?" akauliza, na akatupisha.

Kwenye feri tulisimama ukingoni. Maji yalikuwa ya rangi ya maziwa yaliyotiwa majani machache ya chai, na mji wa ng'ambo ulikuwa umefunikwa ukungu mwepesi, kiasi kwamba majengo yalionekana yamening'inizwa. Watu mia kadhaa, wote kimya, kama tunavushwa ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Saa mbili kasoro tulikuwa juu ya daraja la Nyali ndani ya tuktuk, upinde umetokeza nje upande wangu, na kila aliyetupita aliutazama. Hapo Mutua akaanza kusimulia bila kuulizwa. Alisema kabla serikali haijakataza uwindaji, baba yake alikuwa akitoka alfajiri na yeye nyuma, na kazi yake ilikuwa kukanyaga pale pale alipokanyaga baba, mguu kwa mguu, ili sauti iwe ya mtu mmoja. Walitembea hivyo asubuhi nzima. Mara nyingine walirudi bila kitu, na baba hakuonekana kujali.

"Mlikuwa mkitafuta swara au mkitembea tu?"

"Sijui mpaka leo," akasema.

Saa mbili na robo, Kisauni. Tulishuka tukanywa chai na mahamri pale karibu na Mjambere, maana mtu hapimi hatua na njaa. Mahamri manne, yalikuwa manne kweli. Mwenye kibanda akatuuliza tunakwenda wapi na mzigo mrefu vile. Nikamwambia tunakwenda Bamburi kumpima Mkamba. Akasema inshallah atatosha.

Saa tatu na nusu tuliiacha barabara kubwa ya Bamburi, tukashika njia ya vumbi jeupe, halafu njia ya miguu, halafu ardhi ikafunguka mbele yetu. Ni chimbo la zamani la mawe ya matumbawe, lililoachwa. Kuta zake zinapanda juu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, nyeupe, zenye alama za misumeno, na chini pameota nyasi na miti ya mivinje. Ukishuka, kelele za barabara zinakatika kama mtu amefunga mlango. Unabaki na mivinje inayovuma polepole bila upepo unaousikia mwilini. Wapiga upinde wanaokutana hapa wamepachagua kwa akili: mshale ukikosa shabaha unagonga ukuta na hauendi kwa jirani wa mtu.

Nilihesabu wanaume kumi na wanne wamekaa kivulini. Nilipohesabu tena walikuwa kumi na watatu. Mmoja ulikuwa mvinje uliotundikwa koti.

Aliyetupokea ni Charo, Mgiriama, mpishi wa hoteli moja ya ufukweni, ambaye ndiye mtunza shabaha. Shabaha ni gunia lililojazwa makumbi, shingo ya ubao, pembe za vipande vya nondo, limesimamishwa mbele ya ukuta.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Swara."

"Mbona ana miguu mitatu?"

"Wa nne umeliwa na mchwa. Lakini hakimbii, kwa hiyo hajalalamika."

Charo aliniambia waziwazi kwamba pale hakuna aliyewahi kuua hata sungura. Wote ni watu wa kazi: wapishi, walinzi, wapakiaji, fundi wa majokofu. Hukutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, wanapiga gunia, halafu wanawinda kwa mdomo. Na kwa mdomo, wallahi, wanawinda. Asubuhi ile niliwahesabu swara waliokufa kwa maneno wakawa kumi na tisa. Niliporudia nikapata kumi na saba, kwa sababu wawili mwenyewe aliwafufua ili awaue vizuri zaidi.

Walibishana kuhusu manyoya ya mkia wa mshale. Mmoja alisema ya mwewe, mwingine akasema ya kanga wa porini. Fundi wa majokofu akatetea ya kuku.

"Mshale wa manyoya ya kuku," akasema Charo, "jioni unarudi wenyewe nyumbani."

Mlinzi mmoja Mtaita akasimulia tandala aliyesimama karibu naye mpaka akajiona ndani ya jicho lake.

"Ukajiona ukiwa na miaka mingapi?" akaulizwa.

"Tisa."

"Na upinde?"

"Upinde alikuwa nao babu."

"Na babu alikuwa wapi?"

"Nyumbani, anaumwa," akasema, na hata yeye akacheka.

Kisha Charo akasimulia, na kicheko kikaisha chenyewe. Babu yake alikuwa akimimina majivu kidogo kutoka kiganjani kuona upepo unakokwenda, halafu anakaa kando ya maji tangu asubuhi. Swara akifika, alisema Charo, anainamisha kichwa, anakunywa, anainua, anasikiliza. Unaruhusiwa kupumua anapokunywa tu. Akiinua kichwa, huna pumzi. Charo aliinua kiganja chake taratibu kama kichwa cha mnyama, akakishusha, akakiinua. Nikaona kifua cha kila mtu pale kivulini kinashuka na kusimama pamoja na kile kiganja. Changu pia. Ukuta mweupe ulianza kutetemeka kwa joto, gunia likatetemeka nalo, na kwa muda nisioweza kuuhesabu niliamini kabisa kwamba yule swara wa makumbi amegeuza shingo kututazama.

Saa tano na kidogo Kioko akafika. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, viatu vya kazini vyenye saruji. Alimkumbatia kaka yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akanigeukia.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye miguu?"

"Marahaba. Ndimi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Naona ni mifupi."

"Ni mifupi, lakini haijawahi kuchelewa."

"Basi itanue kidogo, mzee wangu."

"Nikiitanua itakuwa si yangu. Desturi yenu imesema miguu yangu."

Watu wakacheka, Kioko naye. Nikasimama kando ya gunia, nikaanza kutembea kuelekea katikati ya chimbo, nikihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. Nilikanyaga hatua fupi fupi, kama mtu aliyevaa msuli mpya unaombana miguu. Mgeni ndiye mpimaji. Sitini. Nikachomeka fimbo ya alama.

Kisha nikafanya jambo ninalolifanya tangu utotoni bila kujua kwamba nalifanya. Nikageuka, nikarudi kulifuata gunia nikihesabu tena, kwa sauti ile ile. Na miguu, kwa kuwa akili ilikuwa imeshamaliza kazi yake, ilitembea kama inavyotembea siku zote. Nikafika kwenye gunia nikiwa nimesema hamsini na moja.

Chimbo lile lina mwangwi. Ile hamsini na moja ilirudi kutoka ukutani, ikanikuta bado nimesimama.

Charo akakohoa. "Bwana Omari, miguu yako imetoa hesabu mbili. Tuchukue ipi?"

Mutua hakunitazama. Alikwenda mpaka kwenye fimbo, akaing'oa.

"Kaka, acha," Kioko akasema. "Hamsini na moja yatosha. Hakuna anayekuhukumu hapa."

"Mzee alisema sitini."

"Mzee hayupo."

"Ndiyo maana," akasema Mutua. Akatugeukia sote, fimbo mkononi. "Alipoanza kuzeeka mshale wake ulikuwa haufiki. Mimi nilikuwa nikirudi likizo, namsogezea shabaha karibu kabla hajaamka. Akawa anapiga, anafurahi, anawaita majirani waje kuona. Siku moja akaamka mapema akanikuta nimeibeba. Hakunipiga. Alinyamaza, miaka kumi na moja. Sasa mimi nisogezewe?"

Akaniita nije. Nikapima hatua tisa nyingine kutoka pale palipokuwa na fimbo, hatua za kweli, na safari hii sikurudia. Fimbo ikachomekwa.

Kila mmoja alikuwa na mishale mitatu. Mutua akatangulia. Upinde ule ni mweusi kwa mikono ya watu, na ulipovutwa ulilia kidogo. Aliuvuta mpaka kidevuni, sikioni haukufika. Mshale wa kwanza ulilala mbali. Wa pili ulikwenda pembeni, ukagonga mvinje. Kabla ya wa tatu alifumba macho, nikaona kifua chake kimesimama, na vyetu sote vikasimama. Mshale ulipanda juu ya nyasi, ukakaa hewani muda mrefu kama uliosahau kazi yake, ukashuka na kuingia ardhini mbele ya gunia. Nilikwenda kupima. Hatua nne.

Kioko aliuvuta upinde mpaka sikioni. Wa kwanza ulikosa. Wa pili ukaingia kwenye ubavu wa gunia kwa sauti nzito, na makumbi yakamwagika.

Hakuna aliyeshangilia. Kioko alisimama na upinde mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike. Mutua akamwendea, akamwonyesha jinsi ya kuulegeza ugwe ili mti upumzike, na jinsi ya kuupaka mafuta kila mwezi, si ya kupikia. Kisha akalivua podo mgongoni, akampa nalo.

Saa tisa tulikuwa barabarani, saa kumi na nusu kwenye feri. Mutua alikuwa ameikunja kanga ya mkewe mraba mdogo na kuishika mkononi. Mimi njia nzima nilikuwa nikitafuta pa kuanzia, na mwishowe nikaanza vibaya.

"Jirani, kule nilikuibia."

"Ulimwibia Kioko."

"Nilitaka kukupa."

"Nilijua tangu kibarazani kwamba utazifupisha. Nikanyamaza." Alitazama maji. "Hilo kosa ni langu, si lako."

Tukavuka nusu ya kivuko. Kisha akauliza, "Ule wa tatu ulianguka wapi?"

"Hatua nne kabla ya gunia."

Midomo yake ikatembea bila sauti. "Hamsini na sita," akasema. "Kwa bega hili."

"Kwa bega hilo."

Nami nikapiga hesabu yangu. Kwa fimbo yangu ya wizi, mshale ule ule ungelipiga gunia na kubakiwa na nguvu. Upinde ungelala Likoni usiku ule. Na hakuna mtu duniani, hata mwenyewe aliyeuvuta, ambaye angejua kwamba Mutua bin mzee yule, baada ya magunia yote yale, bado anafika hamsini na sita. Nilikuwa nimekaribia kumpunguzia jirani yangu kitu alichokuwa hajakiona bado. Nimefanya biashara muda mrefu, na hilo sikuwa nimelijua.

Tuliagana kwenye kona ya kwetu. Nilikuwa sijafika mlangoni kwangu nikamsikia akimwambia mkewe, kabla hata ya kuvua viatu, "Hamsini na sita." Mkewe akauliza hamsini na sita za nini, na upinde uko wapi. Akaanza kumweleza tangu kivukoni, taratibu, wala hakuacha kitu.