Jumapili Keza Alipomsindikiza Bibi

Enzi zetu, sisi watoto tuliorudi Kigali na wazazi kutoka Tanzania, Jumapili ilianza Jumamosi jioni. Mama aliweka makaa kwenye pasi, akanyoosha magauni yetu, akatupaka mafuta mpaka magoti yanang'aa kama sufuria mpya. Asubuhi tulipanda na vumbi jekundu la Kimironko hadi kanisani: mabati juu, matofali mabichi pembeni, mabenchi yaliyokwaruza mapaja. Hakukuwa na kipaza sauti. Mchungaji alikuwa na kifua chake tu, nacho kilitosha kuamsha mtaa mzima.

Shule ya Jumapili tulisomea nje, kivulini, tukiimba Kiswahili na Kinyarwanda vimechanganyika hadi Mungu mwenyewe nadhani alicheka. Harufu ya mandazi ilitoka nyuma ya kanisa, kwa hiyo hakuna aliyesikiliza vizuri habari za manabii.

Jumapili moja ya msimu wa mvua tulirudi ndani mahubiri yakiendelea, na mdogo wangu Keza hakuwepo. Alikuwa na miaka minne. Mama alitazama chini ya mabenchi, akatoka nje, akazunguka kanisa, akarudi mbio kitenge kimemlegea.

"Keza simwoni!"

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Akafunga Biblia.

"Ndugu zangu, neno limeishia hapa. Twendeni tukamtafute mtoto."

Hata sadaka haikukusanywa. Kanisa zima lilimwagika nje: kwaya na majoho yao, wazee na suti zao, akina mama wameshika viatu mkononi. Wengine walikimbilia sokoni, wengine kituo cha mabasi ya Kabuga. Sisi tulishuka bondeni, kwa sababu huko wafyatua matofali walikuwa wamechimba mashimo, na mvua ilikuwa imeyajaza. Ukingoni mwa shimo moja tuliona alama za miguu midogo kwenye tope.

Wanaume wa kwaya hawakuuliza kina. Waliingia na suti zao, maji yakawafika kifuani, wakapapasa chini kwa miguu na fito. Akina mama walimshika Mama pande zote mbili, wakaomba kwa sauti ndogo. Mimi nilishika pindo la kitenge chake.

Ndipo tukasikia mtu akipiga kelele kutoka juu ya mteremko. Alikuwa Mama Zuhura, fundi cherehani, Mwislamu, jirani yetu. Habari ilimfikia sokoni, akaacha mteja amesimama na kitambaa.

"Tokeni kwenye maji! Katoto kenu kako na ule bibi wa nyumba ya chini! Nimewaona asubuhi, wameshikana mikono!"

Tulikimbia. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, mlango umerudishiwa. Ndani, juu ya kitanda, alilala Bibi Perusi, ajuza aliyekaa benchi la nyuma kila Jumapili na kuondoka bila kumsumbua mtu. Alikuwa anawaka homa. Pembeni yake Keza alikuwa amekaa, anampepea kwa gauni lake.

"Nimemsindikiza Bibi," alisema, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Mama umesema mgeni hasindikizwi nusu njia."

Mama alikaa chini sakafuni akalia, akacheka, akalia tena. Nje mtu aliita, "Yabonetse! Amepatikana!" na sauti zikapokezana mpaka juu sokoni. Wanaume wa kwaya walikuja wamejaa tope kama matofali yenyewe, wakakumbatiana mlangoni.

Mchungaji aliingia mwisho. Alimtazama yule ajuza, akatutazama sisi.

"Tunamwita dada kila wiki," alisema taratibu, "na anayejua mlango wake ni mtoto wa miaka minne."

Wanaume walimbeba Bibi Perusi hadi zahanati, na alipona. Kuanzia hapo hakulala peke yake tena. Akina mama walipeana zamu ya uji na maji, sisi watoto tukafagia kiwanja chake, Mama Zuhura akamshonea shuka. Alipofariki miaka mingi baadaye, mazishi yalijaa hadi mpita njia akauliza huyu ni bibi wa ukoo gani mkubwa hivi. Naye Bibi alikuja mjini bila ndugu hata mmoja.

Siku hizi kanisa letu lina vigae, skrini na maegesho. Mtoto akipotea, habari itaingia kwenye grupu la WhatsApp, na vijana wetu watajibu kwa vimikono vya maombi karibu mia, bila kuinuka kwenye kiti. Siwalaumu sana, hata mimi nimekaa miaka miwili karibu na mama mmoja bila kujua jina lake.

Jumapili iliyopita nilimgeukia, nikamuuliza anakaa wapi. Alinitazama kama nimemwomba namba ya siri ya simu yake. Kisha akashusha mabega, akapumua.

"Masoro, nyuma ya viwanda," akasema. "Karibu. Hakuna anayefikaga."

Nilikwenda jana.