Siku Niliyokimbia na Hema Bandarini

Jambo hili nimelificha miaka mingi, na hata leo sijui kama nalieleza sawasawa, ila mwenye kosa ni mimi, si mume wangu, hilo niliandike kwanza.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa soko la Tukuyu, mume wangu Ambakisye akapata hema la kijani (zipu ilikuwa mbovu, nisimsifie kupita kiasi), akasema tukapumzike siku mbili kwenye bandari ndogo kule kaskazini mwa Ziwa Nyasa, maana ukungu wa kwetu Kyimo ulikuwa umetuchosha na ndoa ilikuwa na miezi miwili tu. Yeye alitaka tulisimamishe mbali, kwenye matete. Mimi nikang'ang'ania karibu na gati, watu watuone tunavyostarehe kama wazungu.

Jioni tukala mbasa, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma, tukalisikiliza ziwa, nikaona maisha ndiyo haya. Asubuhi meli ikafika, abiria wakashuka, na kati yao nikamwona baba mkwe, ambaye tulijua yuko kwa dada yake ng'ambo ya ziwa mpaka wiki ijayo.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite, na ukizembea ukoo mzima unasema hukulelewa. Pale mchangani hapakuwa na mgomba hata mmoja. Nikaingia hemani, nikaibana zipu kwa mikono miwili.

"Ambakisye, hiki kibanda cha nani?" nikamsikia mzee akiuliza nje.

"Chetu, tata," mume wangu akamjibu baba yake (hajui kudanganya, angefanyaje).

"Basi nikae kivulini. Jua la huku lina hasira."

"Twende tukanywe chai kwanza, tata."

"Nimekunywa melini."

Akaketi, akaegemea hema, mgongo wake shubiri moja kutoka puani pangu. Ambakisye angemwambiaje kuwa nimo humo, ingekuwa aibu juu ya aibu. Joto likanizidi, nikaona ning'oe vigingi vya nyuma nitambae nitoke, nikang'oa viwili, hema lote likanishukia, nikashtuka nikasimama nalo kichwani nikakimbia, nyuma yangu nikamsikia mzee akianguka chali.

"Jamani, nyumba inahama," akasema muuza samaki mmoja, na bandari nzima ikacheka.

"Dada, huko ziwani," akasema mwingine, lakini maji yalikwisha kunifika magotini.

Ndipo nikaisikia sauti ya mzee, taratibu kabisa. "Ndugu zangu, huyo ni mkamwana wangu, ananiheshimu. Geukeni apite. Nami nageuka."

Nilipochungulia, abiria, wachukuzi na wauza samaki, wote walikuwa wamenipa mgongo, na yeye mbele yao, mchanga umemjaa kotini. Nikapita.

Alifariki bila sisi kuongea hata neno moja, ndivyo ilivyotakiwa. Vijana wanasema mila ile ilikuwa mzigo, na si waongo. Ila mimi, niliyetaka kutazamwa na bandari nzima, sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile ya kutotazamwa, na hema sijaingia tena.