Migomba Niliyoisukuma Mtoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka. Bwana shamba alishuka mtumbwini hapa Kulesa, kijana mmoja jina lake Komora, viatu kavishika mkononi visiingie tope. Wakati huo Mwingereza bado anatawala, nami ni mke mgeni, mwaka sijamaliza. Mume wangu Bakari alikuwa kibaruani Mombasa. Mama mkwe, Bi Amina, Mungu amrehemu, tulikuwa tumeshamzika. Nyumba nzima ni mimi na migomba.

Mitano ya kisukari ilikuwa imegeuka manjano, majani yamevunjika yananing'inia. Komora akakata shina moja akanionyesha ndani: nyuzi za rangi ya chai.

"Ugonjwa huu umo udongoni," akasema. "Ng'oa mpaka mizizi, ukate vipande, vikauke papo hapo, uvichome papo hapo. Panga na jembe uvipitishe motoni. Machipukizi yake usimpe mtu, hata akulilie. Na hapa usirudishe ndizi, panda mahindi."

Kusema ni rahisi, mwanangu. Mgomba ni maji matupu. Nilichimba mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri, viganja vikachubuka. Sikungoja ukauke; nikautia moto, nikapata moshi na machozi. Hapakuwa na mtu wa kuniambia, pumzika kidogo. Na mto upo pale, hatua chache tu. Nikasema, mto hubeba kila kitu, na hii itabebwa. Siku ya tatu nilikuwa nimeing'oa yote. Nikaiviringisha mmoja mmoja, machipukizi yake bado kijani, nikaisukuma majini. Nikarudi ndani nikalala usingizi mzuri.

Sasa, alikuwako wifi yangu Hadija, dada yake Bakari, ameolewa kule chini mto unakoelekea, njia ya Kipini. Ndiye mtu pekee aliyekuwa akinitembelea. Mto ulipofurika kisha ukashuka, alikuja kwa mtumbwi, anacheka tangu mbali.

"Wifi, we lala tu! Mwenzio mto umeniletea migomba mitano mpaka mlangoni, ya kisukari, na machipukizi yake. Nishaipanda!"

Kwetu, kinachoachwa na mto ukingoni mwako ni chako. Hakiulizwi kimetoka wapi.

"Mitano?" nikauliza.

"Mitano. Mbona uso umekunjika? Kijicho hicho! Usijali, ikizaa nitakuletea mkungu, nikuone ukila kwa aibu."

Nikacheka. Nilicheka, mwanangu. Nilijua neno moja lingetosha aing'oe jioni ile ile. Lakini niliwaza: nikimwambia, nani atakuja tena kwangu? Nikampikia chai nikanyamaza. Kila alipokuja alinipa habari za migomba yake, nami naitikia, "Alhamdulillahi." Ulimi ule ule uliomficha ugonjwa.

Kisha akaja na habari kwamba majani yanageuka manjano, hata ya migomba yake ya zamani. Alipoondoka, jirani yangu Bi Mwanaidi, mama mtu mzima asiyepitwa na jambo, aliniuliza, "Komora alisema uchome. Mbona kwako niliona moshi siku moja tu?"

Nikamwambia yote. Hakupaza sauti.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema. "Wewe umeyaficha, kisha ukayapa safari. Basi yafuate."

Nikaenda. Nilimkuta Hadija shambani, panga mkononi, na shamba lile ndilo lililowalisha watoto wake wanne: Salimu, Zainabu, Athumani na Mwanajuma. Nikasema yote nimesimama. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniita," akasema. "Siku moja tu, Wifi. Tungeng'oa wote tukamaliza."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Akanigeuzia mgongo akaendelea kukata. Mwaka ule shamba likafa lote, wakahamia Kipini, mumewe akavue samaki, na walipopita hapa kwa mtumbwi hawakusimama. Miaka mingi nilikuwa nikisikia pondo la mtumbwi likipiga maji natoka nje, natazama, narudi ndani. Bakari naye alipokuja nyumbani akaambiwa, akarudi Mombasa mapema kuliko alivyoniambia.

Basi, mwanangu, shika haya. Mgomba ukiugua, umalizie pale pale ulipougulia, na chombo chako ukipitishe motoni. Usimpe mwenzio chipukizi usilojua afya yake, wala mto usiufanye jaa. Kuna mtu anakaa chini yako, maji yanakoelekea. Kazi ikikushinda, ita mtu. Kuomba msaada si aibu. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza ili nisibaki peke yangu, na kunyamaza ndiko kulikoniacha peke yangu.

Mungu akupe udongo safi na mkono usiochoka. Akupe na wa kuchimba naye, na moyo wa kumwita. Amina.