Tumbo la Mbega Lilijaa Majani

Nilikuwa Makambako nikichagua viazi nilipopigiwa simu: yule mkulima wa Mawengi, mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji chake, amefariki, na mazishi ni kesho. Viazi nikamwachia muuzaji. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu, ingawa sikuwahi kumtaja jina na leo pia sitamtaja. Ndiye aliyenifanya niombe radhi katika safu hii, jambo ambalo mtu mbishi kama mimi halifanyi kwa hiari.

Nilikuwa nimeandika, kwa ujuaji wa mtu anayelima kwa kalamu, kwamba nyani, ngedere, kima na mbega wote ni wezi, na msitu ulio juu ya mashamba ufyekwe wakulima wapumue. Wiki ileile, kijijini kwake, mahindi yakaliwa. Wanaume wakatoka na mbwa na pinde, wakarudi na mbega. Ndivyo ilivyokuwa kila msimu: nyani akishashiba hukimbia, na mbega hubaki mtini na manyoya yake meusi na meupe akishangaa watu, basi lawama zote zinamwangukia yeye.

Mkulima yule akapanda basi hadi Njombe, akanikuta nyumbani kwangu mtaa wa Ramadhani, akakataa hata chai.

“Kamwene, mwandishi. Jirani yangu alinisomea gazeti lako huku anachuna ngozi,” alisema. “Nikamwomba anipe mzoga, nikaupasua tumbo mbele ya watu. Majani matupu, kaka. Hamna hata punje moja ya hindi! Na mbega waliobaki kule juu ni kundi moja tu. Keshokutwa kijiji kinaamua kuufyeka msitu. Wewe uliandika, wewe uje ufute.”

Nilikwenda, nikiwa na aibu tele. Nilisimama mkutanoni nikasema nilikosea, watu wakanicheka, na nilistahili. Kisha yeye akaomba jambo moja: kabla ya kutoa mbwa, watu waingie shambani wasome nyayo na kuangalia magunzi, maana nyani hupita chini na mbega ni mtu wa juu. Wakakubali. Msitu ukabaki.

Tangu siku hiyo nimeona kwamba uhifadhi unaanza na kutofautisha. Komba ana chakula chake, kima ana mbinu zake, na kipunji wa milima yetu aliishi miaka yote bila wataalamu kumjua, ilhali wawindaji walikuwa na jina lake. Sisi tunawaweka wote kapu moja, halafu tunamwadhibu aliye karibu. Na tusijidanganye, binadamu wenzetu pia tunawafanyia hivyo maofisini na mitaani.

Mazishini, kaburi likiwa bado bichi, mama mmoja alikuja mbio: shamba lake limevamiwa. Vijana wakaruka na pinde, mbwa wakabweka. Mjane wa marehemu akainua uso.

“Nyayo kwanza,” akasema.

Pinde zikashushwa. Tukateremka wote, nami na viatu vyangu vya mjini, tukakuta nyayo za nyani zimejaa kwenye matuta. Vijana wakawafukuza nyani kwa makopo na kelele. Juu yetu mbega walikaa wakitutazama, mmoja amempakata mwanawe mweupe, na hakuna aliyewagusa. Nililia pale, sioni haya kusema. Kuanzia leo, kabla sijamlaumu mtu yeyote kwa kalamu hii, nitainama kwanza nitazame chini.