Maziwa Mepesi ya Lukelo

Kwa miaka tisa Restituta alikuwa mtaalamu wa lishe peke yake katika hospitali moja ya Ifakara. Siku akiugua, wodi ya watoto wenye utapiamlo ilibaki kubahatisha. Wenzake walimwita Mama Uji. Miaka minne aliyosota chuoni haikumshughulisha mtu. Kupika uji, walisema, nani hajui?

Heshima aliyonyimwa kazini aliipata kwenye chama cha wataalamu wa lishe. Mwaka huu chama kilikuwa kinajiandaa kuidai serikali kila wodi kama yake iwe na wataalamu wawili, na kikamwomba aende kwenye mkutano wake Dodoma aseme mwenyewe anayoyaona.

Wiki hiyohiyo aliletwa Lukelo, mtoto wa miaka miwili kutoka kijiji cha Michenga, amevimba miguu na uso hata majirani walidhani kanenepa. Tangu mama yake afariki, bibi yake, Getrude, alimlea kwa wali mtupu, maana shambani hakukuwa na kingine. Restituta alimwanzishia maziwa mepesi, kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu. Mwili uliozoea njaa ukishibishwa ghafla, moyo hauhimili. Alimweleza hayo muuguzi Hilary mara mbili, akabandika vipimo ukutani, kisha akapanda basi, roho mkononi.

Dodoma alizungumza vizuri. Ukumbi mzima ulimpigia makofi, na makofi hayo, Mungu amsamehe, yalimpendeza.

Huku nyuma Lukelo alilia njaa kutwa. Hilary si mtu mbaya. Naye ana watoto. Siku ya pili, saa sita mchana, uvumilivu ulimwisha. Akampa kikombe kizima cha maziwa mazito, yale ya watoto waliokwisha kupata nafuu, halafu cha pili. Mtoto akanyamaza, akalala. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekata roho.

Restituta aliporudi alimkuta Bibi Getrude nje ya wodi, anakunja kanga aliyombebea mjukuu. Akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," bibi alisema. "Yule nesi wa kiume, Mungu ambariki. Mjukuu wangu kaondoka ameshiba."

Restituta alitaka kumwambia ukweli. Alimshika mkono tu, huku akiuchukia woga wake.

Baada ya wiki moja chama kilimpigia simu. Hoja imepita, wakamwambia, barua ya kwenda wizarani inaandikwa, ila unahitajika mfano wa mgonjwa aliyepotea kwa kukosa mtaalamu. Wakamtumia fomu. Aliandika jina la Lukelo, umri wake na kijiji chake. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika kwamba mtaalamu pekee wa lishe hakuwepo wodini siku hiyo. Alikuwa Dodoma, akaongeza, kwenye mkutano wa chama.