Ijumaa Wataniuliza: Miaka Mingapi Zaidi?

Admin, nifichie jina, maana hapa kambini wapo wanaoisoma hii peji yako. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, Mtanga, fundi bomba. Niko Saudia tangu ujana wangu, kwanza Riyadh, sasa Jeddah. Shule niliishia la saba, kwa hiyo mnisamehe nikiandika vibaya. Nina mke na watoto nyumbani. Nina sukari, na kidonda kwenye unyayo wa kushoto ambacho kimekataa kufunga.

Nilikuwa na rafiki Mfilipino. Kambini sote tulimwita Kuya, ambayo kwao ni kaka mkubwa. Tulianza naye Riyadh chumba kimoja, mimi kitanda cha juu, yeye cha chini, kisha tukahamishiwa Jeddah pamoja. Nilipougua homa alinipikia uji wa mchele na tangawizi akanilisha kama mtoto. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, na Ramadhani hakuwahi kula mbele yangu. Kiarabu chetu kilikuwa cha saiti, nusu maneno nusu mikono, lakini tulielewana kuliko ninavyoelewana na ndugu zangu wa tumbo moja.

Wafilipino wana desturi yao. Mtu akitimiza miaka mingi kazini, wenzake huchanga, wakakodi ukumbi wa nyuma wa mgahawa wao kule Baghdadia, wakapika tambi na kuku, wakamvisha nishani. Familia yake nayo huwekwa kwenye kompyuta ione. Kisha mshereheshaji humsogezea kipaza sauti na kumuuliza, "Mingapi zaidi?" Ni lazima ataje miaka atakayoongeza. Akitaja michache wanamzomea kwa kicheko, akitaja mingi wanapiga meza.

Siku ya Kuya alinialika, mimi mgeni pekee pamoja na mzee mmoja wa Kizanzibari nitakayemtaja. Njiani Kuya aliniambia, "Sadiki," yaani rafiki kwa Kiarabu, "mwisho wa mwaka halas, imetosha, narudi kwetu." Kifua kilikuwa kinambana. Kwenye ngazi za ukumbi alisimama katikati akainama kama anayefunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Walipomuuliza lile swali, akatazama kompyuta. Mkewe alikuwa amevaa nguo ya sherehe, watoto wamekua, mjukuu asiyemjua yuko mapajani, majirani wamejaa nyuma yao wanapiga makofi. Kuya akanyanyua mkono, akapiga kelele, "Mitano!" Meza zikapigwa mpaka sahani zikaruka.

Nje nikamwambia, "Kuya, si ulisema halas?"

Akaishika ile nishani akasema, "Nirudi vipi, sadiki? Wamenipigia makofi kwa kubaki."

Mnajua siku hizi mafuta yamepanda bei, kila kona ni kreni, na kampuni haziishiwi kazi. Kuya akarudishwa Riyadh kwenye jengo la ghorofa nyingi. Hakumaliza hata mwaka. Alikutwa bafuni kambini asubuhi, basi la kazi linapiga honi nje, wenzake wanagonga mlango wakimtania, "Yalla Kuya, unajipamba uende harusini?" Akasafirishwa kwao na mizigo ya ndege. Niliambiwa nishani waliilaza kifuani mwake ndani ya sanduku.

Sasa yule mzee wa Kizanzibari, tunamwita Ami Salim, familia yake iko hapa tangu baada ya mapinduzi. Ndiye anayetukusanya Waswahili kule Mahjar kwa maulidi na misiba. Kaja kwangu amefurahi. "Mwanangu, Wafilipino wametushinda. Wao wanawajua watu wao. Sisi mtu atakaa huku mpaka meno yamtoke, hata chai ya shukrani hapewi! Ijumaa ijayo tunaanza na wewe. Utavaa kanzu, si hilo ovaroli lako linalonuka gundi ya mabomba."

Sitawadanganya, nililia. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia ahsante, kwetu wala huku. Nikamshika mkono. Ndipo akaongeza, "Na lile swali lao la miaka tutakuuliza pia. Ndilo tamu lenyewe. Mkeo keshaambiwa, watakuwa kwenye kompyuta."

Machozi yakanikauka. Mwezi uliopita nilimwomba kafili, yule mwajiri anayeshika kibali changu, ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, akasema neno ni langu, nikiamua atatia saini. Daktari naye kaniambia nikiendelea kusimama kutwa kwenye zege kwa kidonda hiki, mguu utakatwa.

Nikampigia mke wangu nikamweleza yote, mguu na ruhusa. Akasema, "Baba Zuhura, sukari hata huku ipo. Watu wanaishi nayo."

"Mguu wangu umeoza, mama."

"Mjomba wako keshatangaza mpaka msikitini kwamba unatunzwa Uarabuni. Leo nishani, kesho watu wakuone kibarazani na begi? Watasema umefukuzwa. Na Zuhura yuko chuoni. Ongeza kidogo tu. Kidogo."

Simlaumu. Nilimwacha bibi harusi, sasa ni bibi wa mji mzima anayeendesha nyumba peke yake, na mimi kwake ni sauti ya simu. Ami Salim pia simlaumu, ananipenda. Kanzu keshaninunulia, imening'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu, naitazama nikibadilisha bandeji.

Ndugu zangu, Ijumaa nitasimama mbele ya watu wangu kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii. Mke wangu na wanangu wataniona. Kipaza sauti kitaletwa. Kuya alisema mitano. Mimi nikisema hakuna, nimewaaibisha wote waliochanga, na nikitaja hata mmoja, nimeuuza mguu. Nishaurini kabla ya Ijumaa, nijibu nini?