Ziwa Tulilolitukana

Nilipokuwa mtoto kule juu Rabai, nilijua matusi mengi kuliko sala, na yote nilifundishwa na hawe, bibi yangu mzaa mama. Hayakuwa ya kumtukana mtu, yalikuwa ya ziwa. Lilikaa katikati ya vilima, mwendo wa saa nzima kwa kijia cha mawe, na hawe alisema uzuri wake ndio ubaya wake: ukilisifu, linajua una kitu cha thamani, nalo litakifuata hadi nyumbani. Basi kila aliyekwenda kuteka alianza kwa kulitukana. "Wee dimbwi la vyura! Hata mbwa hakunywi!" Ndipo tukainama, tukachota.

Mwaka mmoja visima vilikauka, sote tukawa wa ziwani. Mjomba wangu alikuwa ameoa Mambrui, akamleta mkewe Mwanaisha, binti wa mjini, leso zake zinanukia udi, mimba ya miezi mitano. Wanawake walimsengenya asubuhi na jioni, na mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyewabebea maneno nyumba hadi nyumba.

"Leo mkazamjomba wako anapanda nanyi," hawe akaniagiza. "Mwambie njiani habari za ziwa, asije akafungua kinywa vibaya. Umesikia?"

"Nimesikia, hawe."

Kusikia nilisikia. Sikumwambia. Njia nzima nilimfuata nyuma nikijichekea, maana nilitaka kuziona nyuso za wakubwa atakapokosea. Ni hilo tu.

Tulipofika juu, maji yakaonekana kule chini, ya kijani, yametulia kabisa. Mwanaisha akatua debe lake.

"Mashaallah! Jamani, uzuri wote huu mmeuficha huku?"

Mama Kadzo, jirani yetu, akamshika mkono. "Litukane! Upesi, mwanamke!"

"Nitukane maji ya Mungu? Astaghfirullah, dada, mimi nimefundwa kwetu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilicheka peke yangu.

Mwezi wa tatu baada ya hapo mtoto wake akazaliwa kimya. Wa kiume. Walipokwisha kumzika, hawe akaniita mbele ya watu wote wa nyumba. Mwanaisha alikuwa mkekani, macho yamevimba.

"Ulimwambia?" hawe akaniuliza.

Nikaiona fimbo imeegemea mlango. "Nilimwambia, hawe. Akacheka."

Mwanaisha akanitazama. "Uliniambia, mwanangu? Lini?"

Hakuwa akinibishia. Alikuwa akiuliza kweli, kama mtu anayetafuta kitu asichokumbuka alikiweka wapi. Wiki haikwisha, mjomba akampa talaka, naye akashuka na sanduku lake.

Siku hizi kijia kile kimewekwa kibao, na vijana wanaongoza wageni. Wanapanda na viatu vizito, wanalisifu ziwa kwa kila lugha, wanajipiga picha, wanashuka salama na kuulizia madafu. Hawe angewaona angejishika kichwa. Kama ni ziwa lililomchukua yule mtoto, sijui. Mimi nimezaa saba nikazika wawili, na hakuna mtu aliyekuwa amesifu kitu.

Mwaka juzi nilialikwa arusi Mambrui, nikamtafuta Mwanaisha. Nilijiambia nakwenda kutubu; na nisiwadanganye, nilitaka pia kujua mambo yake. Nikamkuta ajuza, macho hayaoni vizuri, hakuolewa tena.

"Shikamoo, mkazamjomba." Nikajitaja jina.

"Marahaba!" Akanishika mikono yote miwili. "Nakuombea dua miaka yote. Ulinionya, nawe ulikuwa mtoto mdogo, nami nikacheka. Ningekusikia, mwanangu leo angekuwa na wajukuu."

Nikafungua kinywa. Akadhani nina njaa, akanisogezea sahani ya mahamri, nikala. Nilikula yote, tukazungumza habari za arusi, nani kavaa nini, nikaaga.

Alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Maisha yangu yote nimetangaza habari za watu zisizonihusu, nyingine nimezitia chumvi kwa mkono wangu. Ya kweli, iliyokuwa yake, aliidai pale pale mkekani mbele ya watu wote, akauliza, "Lini?", nami nikamnyima, na amekwenda kaburini akiomba msamaha kwa mtoto wake.